Mhola Kumi na Moja

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wetu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika katikati ya alichoandika. Kusoma nilisoma haraka kama wengine. Mkono ndio uliokuwa mzito. Kila herufi nilitaka ikae vizuri kabla sijaenda kwenye inayofuata, na wakati huo wenzangu walikuwa wameshafunga madaftari na kutoka kucheza. Nilimaliza la saba nikiwa na nusu ya kila kitu: nusu ya mito ya Tanzania, nusu ya mwili wa binadamu. Sikuwahi kumwambia mwalimu asubiri. Nilikuwa naona haya.

Nayasema haya mapema kwa sababu ninachotaka kueleza ni daftari, na kwa sababu kaka yangu alipoteza macho yake katika siku kumi na moja za daftari hilo, mwandishi nikiwa mimi.

Kaka ni wa kwanza kuzaliwa nyumbani kwetu, mimi ni wa mwisho. Wazazi walipofariki alinitoa kijijini akanipangia chumba Ngokolo, hapa mjini Shinyanga, yeye akaendelea na machimbo. Alianzia Segese kwenye maduara, yale mashimo wanayoshuka kwa zamu. Baadaye akahamia Masumbwe kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa akija baada ya miezi miwili au mitatu, kope zimeshika vumbi jeupe hata akishaoga. Analeta mchele, anakula, analala, anaondoka. Hatukuwa watu wa maneno. Mimi nauza michembe na matobolwa karibu na stendi, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na kazi hiyo haidai maneno. Mtu anaonyesha kwa kidole, unampimia.

Safari ya mwisho hakuja, aliletwa. Mwenzake wa kwenye karasha alimkalisha katikati, kati yake na dereva wa bodaboda, ili asianguke. Walikuja hivyo kutoka kituo cha basi. Kaka alikuwa amefunga kitambaa kichwani, amekaza mpaka ngozi ya paji imejikunja.

"Dada, hiki kichwa si cha malaria," mwenzake aliniambia mlangoni. "Dawa za malaria amekunywa mara tatu. Sasa hata kuku akilia anaziba masikio."

Akaweka begi la kaka chini, akaangalia chumba, akapanda bodaboda ile ile na kuondoka. Simlaumu. Alikuwa na zamu.

Hospitalini walimuuliza kama ana kadi yoyote. Akatoa mfukoni kadi iliyokunjwa ndani ya plastiki. Ndipo nikajua, tukiwa kwenye benchi, kwamba kaka alikuwa anaishi na virusi, kwamba alikuwa akitumia dawa za kuvifubaza alipokuwa Segese, na kwamba alipohamia Masumbwe aliacha. Alimweleza muuguzi huku akiangalia ukuta. Kuomba uhamisho wa kliniki kulimaanisha kueleza upya, mbele ya watu wapya, na yeye aliona afadhali avumilie. Sikumuuliza kitu. Kwetu kaka mkubwa haulizwi. Nilishika tu lile begi.

Ukweli ni kwamba nilimwelewa kabisa. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Walimchoma sindano mgongoni wakatoa maji kidogo. Dokta aliyekuja na majibu alikuwa kijana, mzaliwa wa mikoa ya Kusini, Kiswahili chake laini, na aliketi kwanza kitandani ndipo akasema. Alisema kaka ana homa ya uti wa mgongo, lakini iliyoletwa na fangasi.

"Fangasi?" kaka akasema, macho amefumba. "Fangasi ninao miguuni tangu duara la kwanza. Wamepanda lini?"

"Hawa siyo wale wa miguuni," dokta akasema. "Hawa wanakaa kwenye udongo, kwenye vinyesi vya ndege vilivyokauka. Unawavuta na vumbi."

"Basi, dokta, Masumbwe vumbi ndilo shuka letu."

"Kila mtu anawavuta, hata mimi. Kinga ikiwa nzuri, mapafu yanawafungia humo humo. Kinga ikishuka wanatoka, wanaingia kwenye damu, wanakwenda kwenye ubongo."

Yeye na muuguzi mmoja walikuwa wakifanya utafiti juu ya jambo hilo: namna fangasi hawa wanavyoingia kwenye ubongo wa watu ambao kinga yao imeshuka. Alisema ubongo umezungushiwa kitu kama ukuta, na vijidudu vingi vinashindwa kuuvuka. Hawa wanaweza. Wengine, alisema, wanapita ndani ya askari wa mwili wenyewe. Askari anammeza fangasi, anashindwa kumuua, kisha anapita naye getini bila kujua amembeba nani.

Kaka alifungua jicho moja. "Kama mwizi anayeingia kwenye uzio ndani ya gari la mlinzi."

Dokta alicheka. "Hivyo hivyo. Nikiandika ripoti nitaweka maneno yako."

"Maneno weka. Jina usiweke."

"Kwenye utafiti hakuna majina, mzee. Una namba tu."

Kaka alikubali kuingia kwenye utafiti. Nadhani alikubali kwa ajili ya hiyo namba.

Mtaalamu wa maabara alikuwa Msukuma wa makamo, mtu wa mzaha, na nilipopeleka karatasi dirishani kwake aliniona nachungulia. Akanifungulia mlango. "Njoo umwone mgeni wa kaka yako." Alikuwa ametia tone la maji ya mgongo wa kaka pamoja na tone la wino mweusi, akaliweka chini ya hadubini. Nilifumba jicho moja kama alivyonielekeza. Kulikuwa na weusi, na ndani ya weusi vitu vya mviringo vinang'aa, kila kimoja kina kiini kidogo na koti nene linaloonyesha ndani. Nilivijua. Mvua zikianza, kwenye majaruba ya mpunga kijijini kwetu mayai ya chura yanaelea hivyo hivyo.

"Ni mengi," nilisema. Ndiyo maneno pekee niliyosema mle ndani.

"Ni mengi," akakubali, bila mzaha.

Kaka alilala wodini kama majuma mawili. Dawa ya dripu ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia. Kichwa kilipozidi, dokta alimchoma tena mgongoni na kutoa maji, na kila mara kaka alisema ni kama mtu ameshuka mabegani mwake. Dokta alinieleza nikiwa nimeinama: fangasi wanaziba njia za maji ya kichwani, maji yanajaa, yanaukandamiza ubongo na mishipa ya macho na masikio. Wagonjwa wengine wa wodi ile walikuwa na ndugu wengi, wanapeana zamu, wanakula pamoja kwenye majani chini ya ukuta. Mimi nilikula nikitazama upande wa pili ili wasinikaribishe. Wakinikaribisha ningelazimika kueleza mgonjwa wangu ana nini.

Alipopata nafuu tukaruhusiwa. Siku ile dokta alinikazia macho, akasema polepole: "Sikiliza. Vidonge asikose. Na kichwa kikimrudia, hata kidogo, au akitapika, au akianza kuona vibaya, mlete siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Maji yakikaa yanaua macho, na macho yakifa hayarudi."

"Sawa," nilisema.

Muuguzi wa utafiti akanipa daftari la kijani. Kila ukurasa ulikuwa na mistari, kushoto tarehe, kulia nafasi ndefu. "Kila asubuhi muulize hali yake," alisema, "uandike anavyojibu. Kwa maneno yake mwenyewe. Usimwongezee, usimpunguzie. Vipimo tunavyo, sasa tunataka sauti yake."

Nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi ya kuandika.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilifanya kama tulivyolelewa. Niliingia kutoka uani, nikamkuta amelala, nikapiga goti karibu na mkeka, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola."

Kwa mtu asiyejua: mhola ni salama, ni hakuna neno. Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe, kisha nikaandika kulia: *Mhola.* Ilinichukua muda, maana nilitaka iwe nzuri. Nikaliweka daftari juu ya sanduku, nikaenda kuwasha moto.

Nikafanya hivyo siku ya pili, ya tatu, ya nne. Mhola ya siku ya nne ndiyo nzuri kuliko zote. M yake imesimama kama mlango.

Siku ya tano nilimpa chai. Akanyoosha mkono, akashika hewa kando ya kikombe. Akacheka kidogo, akafumba jicho la kushoto, akakipata. Kuanzia siku ile alikuwa akinitazama kwa jicho moja, kama nilivyofanya mimi kwenye hadubini. Siku ya sita niliona mchanga mbichi umemwagwa nyuma ya choo, umesawazishwa kwa mguu. Nilijua ni matapishi yamefunikwa. Pale uani hatukai peke yetu, lakini mchanga ule ulikuwa na alama ya kandambili zake. Nilisimama pale na ndoo. Nikajiambia huenda ni vidonge tu. Mchana alikataa pazia lifunguliwe.

Yote hayo niliyaona, na hakuna nililoandika. Nafasi ya kulia ilikuwa ya anavyojibu, na yeye alijibu mhola. Kuandika la mchanga ingekuwa kumwongezea. Na kumuuliza mara ya pili, baada ya kuwa ameshanijibu, ingekuwa kama kumwambia kaka yangu kwamba amesema uongo.

Siku ya saba muuguzi alipiga simu. Simu inanipa jasho. Nilitoka nje nikasimama kwenye kona ya ukuta.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Dawa anameza?"

"Anameza."

"Na daftari unaandika?"

"Kila siku, dada."

"Hongera sana. Basi tutaonana siku ya kliniki."

Habari ya kikombe ilikuwa mdomoni, habari ya mchanga ilikuwa mdomoni. Nilivuta pumzi ili nianze, na wakati navuta pumzi simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni kwa muda, kama bado kuna mtu. Ningeweza kumpigia. Niliirudisha mfukoni.

Mama jirani, ambaye zamani alikuwa akija kuomba chumvi hata kama anayo, hakuwa akija tena tangu turudi kutoka hospitalini. Kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kumwona kaka. Nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa naandika mhola.

Siku ya kumi na moja niliingia kama kawaida, nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitika. Nikamuuliza mhola, akasema mhola. Nikaegemeza daftari gotini nikaanza kuandika. Nilikuwa kwenye herufi ya mwisho aliposema, "Mbona leo umekuja mapema hivyo? Kumekucha?"

Jua lilikuwa limeingia dirishani na kujaa chumbani. Lilikuwa usoni mwake.

Nilinyanyua daftari nikalipitisha mbele ya macho yake, kwenda na kurudi. Hayakufuata. Yeye alisikia upepo wa kurasa, akageuza sikio.

"Unafanya nini?" akasema.

"Hakuna kitu, kaka."

Hata hapo nilisema hakuna kitu.

Nilikimbia barabarani nikasimamisha bajaji kwa mkono. Hospitalini dokta alimlaza ubavu, akamchoma, akaunganisha kimrija cha kioo chenye alama, akakisimamisha. Niliruhusiwa kumshika kaka magoti. Maji yalipanda kwenye kile kimrija yakafika juu yakamwagika, dokta akaomba kimrija cha pili akiunganishe juu ya cha kwanza. Alitoa maji polepole kwa muda mrefu. Kaka akashusha pumzi, akasema mtu ameshuka mabegani. Kisha tukangoja aseme anaona. Tulingoja siku ile na siku zilizofuata, na kila siku walimtoa maji. Kichwa kilipona. Macho hayakurudi.

Siku moja baada ya hapo dokta aliniita kwenye chumba chao kidogo. Daftari la kijani lilikuwa mezani, limefunguliwa. Muuguzi alikuwepo.

"Neno hili," dokta akasema, akiweka kidole. "Mhola. Ni nini?"

Nilitazama kidole chake. "Ni hajambo," nilisema.

"Siku zote kumi na moja alikuwa hajambo?"

Mtaalamu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake. Alisogea akatazama ukurasa, akatikisa kichwa.

"Dokta, hii siyo hali ya mgonjwa. Hii ni salamu. Msukuma hata mguu wake mmoja ukiwa mdomoni mwa mamba, ukimwamkia atasema mhola kwanza, ndipo akuombe shoka."

Muuguzi alitaka kucheka, akaacha.

"Mhola inatangulia," yule mtaalamu akaendelea, sasa taratibu. "Habari zenyewe zinakuja nyuma. Hapa aliyeandika ameandika ya mbele. Hakuna aliyemwambia angoje ya nyuma."

"Mimi ndiye niliyemwambia aandike anavyojibu," muuguzi akasema.

"Na mimi ndiye niliyelitunga hilo daftari," dokta akasema. Akaniangalia. "Siyo kosa lako."

Walisema hivyo kwa wema, na ninawashukuru. Lakini wao hawakuuona ule mchanga.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya darasani. Nilisema, "Naomba nisahihishe."

Dokta akanieleza sheria yao. Katika utafiti hakuna kufuta. Ukikosea unapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya neno, ili atakayekuja nyuma yako aweze bado kulisoma. Kisha pembeni unaandika kilicho sahihi, unatia tarehe ya leo na herufi mbili za jina lako, ajulikane nani amebadilisha na lini.

"Wewe sema tu, mimi nitaandika," alisema, "itakuwa haraka."

"Naandika mwenyewe," nilisema.

Nilianza asubuhi. Nilipitisha mstari juu ya mhola ya kwanza, nikaandika pembeni niliyoyakumbuka: alikula nusu ya uji, alilala mchana kutwa. Juu ya mhola ya nne, ile nzuri, mstari ulipinda. Siku ya tano: alishika hewa, akafumba jicho la kushoto. Siku ya sita: mchanga nyuma ya choo, pazia. Siku ya saba niliandika la kaka, kisha nikaandika na langu: simu ilipigwa, nikasema anaendelea vizuri. Dokta alikuwa na kazi zake, anatoka, anarudi, anakuta nipo kwenye mstari uleule, anaketi, anasoma makaratasi yake. Hakuniambia niharakishe. Ndugu wa wagonjwa walipoanza kuingia wodini saa kumi jioni nilikuwa namalizia siku ya kumi na moja. Alikuwa amengoja. Katika maisha yangu yote alikuwa mtu wa kwanza kuungoja mkono wangu, na ilikuwa kwa ajili ya kuandika makosa yangu.

Jioni ile nilikaa na kaka. Nilitaka kumuuliza tangu siku ile, na kwa sababu sasa hakuwa akiniona niliweza.

"Kaka, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza mhola."

"Sasa mtu akikuamkia utamjibu nini?" Alisema bila hasira. Alikuwa anapapasa pindo la shuka. "Nilikuwa nangoja uniulize baada ya hapo. Nikawa nakusikia unaandika. Kalamu inakwaruza, inakwaruza, muda mrefu. Nikasema, huyu anaandika mengi, basi anaona mwenyewe."

Nilikuwa naandika neno moja.

"Na mimi pia sikutaka kurudi kwenye ile sindano," akaongeza baadaye. "Usibebe yote."

Hakutaka kukaa Ngokolo. Alisema mjini kila siku watu wanahamisha vitu, matofali, pikipiki, na hawezi kujifunza njia isiyotulia. Kijijini kwa shangazi yetu anajua kila mti kwa mguu. Nilimpeleka nikakaa naye siku chache. Shangazi alimfungia kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, na nyingine mpaka zizini, na kaka akawa anaishika na kwenda kukaa karibu na ng'ombe. Wenzake wa Masumbwe walipiga simu mara mbili, kisha wakaacha. Vidonge vyake viligawanywa, vya fangasi na vile vya kufubaza virusi, kila fungu kwenye kopo lake, moja lina kifuniko laini, lingine nimelichora kwa msumari ili alijue kwa kidole. Shangazi aliniambia niende, biashara yangu isife. Nilirudi.

Chumba kilikuwa kikubwa. Nilikuwa nimezoea kusikia mtu akipumua.

Siku nilipokwenda kumchukulia dawa, muuguzi alinionyesha daftari jipya wanalowapa watu sasa. Bado ni la kijani. Kulia hakuna tena nafasi moja ndefu. Zipo mbili. Ya kwanza ni fupi, juu yake imeandikwa *Salamu*. Ya pili ni pana, imeandikwa *Baada ya salamu*.

"Wengi walikuwa wanafanya kama wewe," alisema. "Sikujua. Tulirudia kusoma yote."

Alinipa moja, ingawa siku za kaka za kuandikiwa zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda nalo nyumbani.

Shangazi alikuwa akimbonyezea kaka simu kila Jumapili mchana. Tunaamkiana. Namuuliza mhola, anasema mhola. Naandika kwenye nafasi fupi. Halafu nanyamaza. Mwanzoni alikuwa akidhani simu imekatika, anasema haloo, haloo. Namwambia nipo. Tunakaa hivyo, na mara nyingi hakuna kinachokuja. Ananiambia ndama amezaliwa, au amejimwagia uji. Naandika.

Jumapili moja baada ya salamu alinyamaza sana. Nilikuwa nimeshaweka kalamu.

"Kichwa," akasema. "Tangu juzi. Nyuma, huku kwenye shingo. Na sikio la kulia lina sauti kama karasha la mbali."

Niliandika, polepole, kwa sababu siwezi kuandika vinginevyo, lakini niliandika baadaye. Kwanza nilimpigia muuguzi. Mimi nikampigia.

"Mgonjwa anaendeleaje?" akauliza, kama wanavyouliza watu wote.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Vizuri. Nililimeza.

"Kichwa kimerudi," nilisema. "Tangu juzi. Na sikio moja."

"Mleteni leo."

Mpwa wa shangazi alimleta kwa pikipiki, kaka amefungwa kwa kitenge mgongoni mwake. Dokta alisimamisha kile kimrija. Maji yalipanda, lakini hayakufika juu. Wakayatoa, wakamwongezea dawa, akalala wodini siku chache. Dokta alisugua vidole karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia, akamwambia ainue mkono upande anaosikia. Kaka aliinua wa kushoto. Kisha akainua wa kulia.

Alirudi kijijini kwenye kamba zake. Mimi nikarudi Ngokolo, kwenye viazi vyangu. Daftari liko juu ya sanduku. Lile la kwanza walilibakiza hospitalini, lina namba yake na mistari yangu kumi na moja, na mtu yeyote atakayelisoma ataona chini ya kila mstari nilichokuwa nimeandika.

Jumapili iliyopita tuliamkiana. Nilimuuliza mhola, akasema mhola, nikaandika, nikangoja. Alisema kichwa kizuri, masikio mazuri, ndama ameanza kula majani. Nikadhani tumemaliza.

"Na wewe?" akasema.

"Mhola, kaka."

Nikasikia kuku wa shangazi kwenye simu, na mtu anatwanga mbali.

"Haloo?" nilisema.

"Nipo," kaka akasema. "Nangoja ya nyuma."

Nilikaa kitandani. Chumba kilikuwa kimya, na sikujua nianzie wapi, maana hakuna aliyewahi kuniuliza ya nyuma. Nilimwomba asubiri kidogo. Kuku waliendelea kulia kwenye simu, na hakukata.